Goti si unga wa kukandwa

Ikiwa umewahi kusimama kando ya uwanja wowote wa shule au wa kijiji kati ya Ogembo na Nyansiongo siku ya mechi, basi kisa hiki si kigeni kwako. Mvua imenyesha usiku, nyasi zinateleza, na uwanja wenyewe umeinama kuelekea bondeni kama ilivyo kawaida ya viwanja vyetu vya milimani. Winga wa kulia anaupokea mpira, anajigeuza ghafla kumkwepa beki, lakini mguu umenata kwenye matope. Mwili unageuka, goti linabaki. Hakuna aliyemgusa. Anasikia kitu kikilia "ko!" ndani ya goti, naye anaanguka huku akilishika kwa mikono miwili.

Kinachofuata twakijua sote. Mashabiki wanaingia uwanjani. Mmoja anauvuta mguu, mwingine anaukunja. Anaitwa mzee anayesifika kwa kukanda, au mchezaji wa akiba ambaye inasemekana ana mikono mizuri. Maji moto yanatafutwa kwa jirani, dawa ya kuchua inamiminwa, na goti linakandwa kwa nguvu hadi kijana anauma shati lake. Kisha kocha anamuuliza, "Utaweza?" Timu iko nyuma kwa bao moja na zimebaki dakika kumi. Kijana anasema ataweza. Anarudi akichechemea, anacheza dakika tatu, goti linamwachia, anaanguka tena. Jumatatu haendi shule, na goti limevimba kama kibuyu.

Maoni yangu leo nitayasema waziwazi. Jeraha la kwanza la michezo mara nyingi hutibika. Kinacholigeuza kuwa kilema ni mambo mawili ambayo sisi wenyewe huyafanya kwa mapenzi: kulikanda jeraha likiwa bichi, na kumrudisha majeruhi uwanjani kabla hajapimwa. Kuyaacha mambo haya mawili hakuhitaji bajeti ya kaunti wala mfadhili kutoka ng'ambo. Kunahitaji tu tuambiane ukweli.

MIGUU ILIYOTUJENGEA JINA

Ni ajabu kwamba ukweli huu unahitaji kusemwa Gusii, kwani ni wachache nchini walionufaika na miguu kutushinda. Nyandika Maiyoro aliikimbilia Kenya huko Vancouver mwaka 1954, kisha akamaliza wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 na wa sita huko Roma mwaka 1960. Naftali Temu, mwana wa Nyamira, ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Timu ya Kenya iliposhinda mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne huko Munich mwaka 1972, watatu kati ya wanne hao, Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko, walikuwa watu wa kwetu. Naye Yobes Ondieki, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 kwa muda usiotimia dakika 27, huko Oslo mwezi Julai 1993.

Katika kandanda mambo ni yayo hayo. Timu ya Shabana iliporejea ligi kuu mwaka 2023 baada ya miaka mingi nje, uwanja wa Gusii ulifurika, na kila mtoto wa darasa la tano alitaka kuwa mshambuliaji. Hiyo ni furaha. Lakini mtoto huyo akiumia leo jioni, nani anajua la kumfanyia?

Pengine utaniambia kwamba Abagusii walikuwa na matibabu yao kabla ya hospitali. Ni kweli, na jambo hilo ni la kujivunia. Ababari wetu, wale mafundi wa upasuaji wa jadi, walijulikana hadi ng'ambo, na madaktari wa kigeni waliandika juu yao, kwa sababu waliweza kufungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa naye akaishi. Lakini hebu tazama walivyofanya kazi. Omobari hakuwa mtu yeyote aliyetokea kwenye umati. Alijifunza kwa miaka chini ya mkongwe, aghalabu baba yake au jamaa wa karibu. Alimchunguza mgonjwa kabla ya kugusa chombo, na alimwangalia baadaye mpaka kidonda kilipofunga. Anayekanda goti uwanjani leo hana mafunzo hayo, hachunguzi, na refa akipuliza kipenga cha mwisho yeye huenda nyumbani. Basi tusimvishe joho la ababari. Halimtoshi.

KWA NINI USIKANDE

Ndani ya goti mna kano nne kubwa zinazoufunga mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mbili ziko pembeni, mbili zinapishana katikati. Katikati ya mifupa hiyo mna magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga, ambayo hupokea uzito kama mito. Mchezaji anapojigeuza huku mguu umenata, kano ya mbele kati ya zile mbili za katikati ndiyo hukatika upesi. Dalili zake si za kubahatisha: mlio ndani ya goti, uvimbe mkubwa ndani ya saa chache, na baadaye goti linalomwachia mtu anapokata kona. Uvimbe huo wa haraka aghalabu ni damu inayovujia ndani ya kiungo.

Sasa fikiri. Damu inavuja, na mwili unajitahidi kuigandisha ili mishipa iliyopasuka izibe. Wewe unaleta maji moto, ambayo huipanua mishipa, kisha unasugua na kuminya, ukivunja kila tone lililoanza kuganda. Umeongeza uvimbe, umeongeza maumivu, na ikiwa mna mfupa uliopata ufa umeusogeza. Kano iliyokatika haishikani kwa kukandwa, kama vile kamba ya kisima iliyokatika isivyounganika kwa kupapaswa.

Kwa msuli wa paja madhara yake ni ya ajabu zaidi. Mchezaji akipigwa goti la mwenzake pajani, damu hujikusanya ndani ya msuli. Paja hilo likikandwa kwa nguvu siku za mwanzo, damu ile yaweza kugeuka mfupa ndani ya msuli. Ndiyo, mfupa hasa, unaoonekana kwenye picha ya eksirei wiki kadhaa baadaye. Mchezaji ambaye angepona kwa wiki tatu akakaa nje miezi.

Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo fanya haya. Mtoe mchezaji uwanjani. Usimlazimishe kuukanyagia mguu. Ufunge kwa bendeji ya kuvutika, isiwe ya kubana mno, na mguu uinuliwe juu kuliko moyo anapolala. Ukipata barafu, izungushie kitambaa na umwekee kwa dakika 15 au 20 kwa mara moja; pasipo barafu, kitambaa kilicholowa maji baridi kitafaa. Ujue barafu hutuliza maumivu tu. Hata Mmarekani Gabe Mirkin, daktari ambaye mwaka 1978 alieneza ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua, miaka mingi baadaye alikiri kwamba barafu nyingi yaweza kuchelewesha kupona. Usiweke maji moto, usichue, na usimpe pombe ya kutuliza uchungu.

Lakini usimlaze mwezi mzima pia. Siku chache zikipita, na baada ya kupimwa kuona kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala kano kubwa iliyokatika, mguu unapaswa kuanza kazi polepole: kuukunja na kuunyoosha, kusimama, kutembea. Kiungo kinachokaa bure hukakamaa, na msuli wa paja hupungua upesi sana.

HATUA NNE

Wazazi wengi huuliza: nitajuaje kama mwanangu amevunjika au ameteguka tu, nisipoteze nauli bure? Kwa kifundo cha mguu kuna kipimo rahisi ambacho madaktari wa Ottawa, Kanada, walikitangaza mwaka 1992 na kinatumika duniani kote. Kiweke akilini. Kwanza, mtazame kama aweza kupiga hatua nne kwa miguu yote miwili, hata akichechemea, palepale alipoumia na pia afikapo kwa daktari. Pili, bonyeza kwa kidole nyuma ya zile fundo mbili za mfupa, ya ndani na ya nje, kuanzia nchani kupanda juu kiasi cha sentimita 6. Tatu, bonyeza mfupa uliotokeza ukingoni mwa unyayo upande wa kidole kidogo, na ule wa juu ya tao la unyayo upande wa ndani. Akishindwa hatua nne, au mfupa mmoja kati ya hiyo ukimuuma ukiubonyeza, anahitaji eksirei. Kwa mtoto mdogo, au mtu aliye na ganzi miguuni, au aliyelewa, usitegemee kipimo hiki. Mpeleke.

Kuna hali nyingine zisizongoja kesho. Mfupa uliotoboa ngozi ufunike kwa kitambaa safi. Usijaribu kuurudisha ndani. Majeruhi huyo anahitaji dawa za kuua viini na sindano ya pepopunda upesi iwezekanavyo, maana viini vikishaingia mfupani hutoka kwa taabu. Bega lililotoka mahali pake lisivutwe na mtu asiyefunzwa. Huenda kuna ufa, na mishipa ya fahamu inapita papo hapo. Mguu uliopinda, au uliopoa na kubadilika rangi, uende hospitali palepale.

Hapa sina budi kutaja magango. Mara nyingi kijana aliyevunjika mkono au muundi hufungwa vijiti na kamba, zikakazwa ili "mfupa usitoroke". Mwili ulioumia huvimba, na kamba haivutiki. Damu inakosa njia. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, yakiwa makali hasa ukivinyoosha vidole, au vidole vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, fungua kila kitu na ukimbie hospitali usiku huohuo. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Ukingoja hadi asubuhi huenda utakayeokolewa ni mwanao bila mkono wake. Kanuni hiyo ni sawa hata kama plasta ilifungwa na daktari.

MTOTO SI MTU MZIMA ALIYEPUNGUZWA

Katika michezo ya shule tunaowashughulikia ni watoto, na mifupa yao ni tofauti. Karibu na ncha za mifupa yao mna sehemu laini ambapo mfupa hukua, nayo hufunga ujana unapokomaa. Kwa mtoto, sehemu hiyo yaweza kuwa dhaifu kuliko kano. Pigo ambalo kwa kocha lingekuwa kuteguka, kwa mwanafunzi laweza kuwa mvunjiko unaopita katika sehemu ya kukua, na likipuuzwa mguu mmoja ukabaki mfupi au ukapinda. Ndiyo sababu nasema kifundo cha mtoto kisikandwe kamwe kabla ya kupimwa.

Si kila uchungu wa mtoto ni wa hatari. Wako vijana wa miaka 10 hadi 15, hasa wanaokimbia na kuruka sana, wanaoumwa kwenye kifundo kilicho chini ya kifuniko cha goti. Ni kano ya paja inayovuta mfupa unaokua. Punguza mazoezi, imarisha misuli ya paja, na mara nyingi hupita anapomaliza kukua. Lakini mtoto anayechechemea na kusema goti linamuuma, huku goti lenyewe halina uvimbe, mpime nyonga. Tatizo la nyonga kwa watoto hujionyesha gotini, na likichelewa nyonga huharibika.

Na kuna jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Kuna saratani ya mfupa inayopenda vijana walio katika umri wa kurefuka, na inapenda zaidi sehemu za karibu na goti. Kwa kuwa kijana huyo hucheza mpira, kila mtu hudhani aliumia uwanjani. Anakandwa wiki hata wiki. Tofauti ni hii: maumivu ya jeraha hupungua kwa kupumzika, lakini haya huendelea, humwamsha usiku, na uvimbe huongezeka badala ya kunywea. Uvimbe wa namna hiyo hautakiwi kukandwa hata mara moja. Kijana aliye na uchungu wa mfupa unaomwamsha usiku, au uvimbe usiokwisha kwa wiki mbili tatu, apigwe eksirei. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema ina tiba, na mara nyingine mguu huokolewa. Ikichelewa, mguu hukatwa, na maisha yenyewe huwa hatarini.

KOCHA ASIWE HAKIMU

Nageukia jambo la pili, la kumrudisha majeruhi uwanjani. Simlaumu kocha kana kwamba ni mtu mbaya. Walimu wengi wa michezo katika shule zetu hujitolea, hutumia pesa zao kununua mipira, na hulaumiwa timu ikishindwa. Lakini kwa sababu hiyohiyo yeye si mtu wa kuamua kama mchezaji aliyeumia arudi. Anataka ushindi. Mchezaji naye anataka kucheza, hasa msimu wa mashindano ya Desemba ambapo kuna jezi na ng'ombe vya kushindaniwa. Hakimu aliye na mbuzi katika kesi hawezi kuamua kesi hiyo.

Kichwa ndicho chenye hatari kubwa. Mchezaji akigongwa kichwa, akapepesuka, akauliza maswali yaleyale, akasahau bao alilofungwa, akatapika au akasema anaona kiwi, mechi yake imekwisha siku hiyo. Hakuna kumwagia maji na kumrudisha. Ubongo uliotikiswa ukipigwa tena kabla haujatulia waweza kuvimba na kuua, hata kwa kijana mwenye afya. Maumivu ya kichwa yakizidi, akilala asiamke vizuri, au mkono ukilegea, ni hospitali bila kusubiri. Sisi ambao wazee wetu walijua kwamba kichwa kilichopigwa chahitaji uangalizi wa siku nyingi tunapaswa kuwa wa kwanza kulifahamu hilo.

Kwa goti na kifundo, kipimo cha kurudi ni hiki. Uvimbe umekwisha. Kiungo kinakunjika na kunyooka sawa na mwenzake. Mchezaji anaruka kwa mguu huo mmoja bila uchungu, mbali karibu sawa na ule mzima. Anakimbia kasi na kukata kona mazoezini. Akishindwa moja, bado. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya katikati ya goti, madaktari hushauri asirudi mchezoni kabla ya miezi 9, na hata hapo awe amepita vipimo hivyo. Wengi hurudi mwezi wa tano kwa kuwa goti haliumi. Kutoumwa si kupona.

Binti zetu nao tusiwasahau. Katika michezo ya kuruka na kukata kona, wasichana hukatika kano hiyo zaidi ya mara mbili kuliko wavulana wanaocheza mchezo huohuo. Dawa yake si kuwakataza kandanda. Ni kuwafundisha kutua na magoti yaliyokunjwa, yasiyoangukia ndani, na kuwaimarisha mapaja na nyonga tangu mwanzo wa muhula badala ya kuwaita uwanjani siku mbili kabla ya mashindano.

DAKIKA ISHIRINI

Hilo lanileta kwenye kinga. Shirikisho la kandanda duniani lilitoa mwaka 2006 mpango wa kupasha mwili moto uitwao FIFA 11+. Una mazoezi 15 katika sehemu tatu: kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu, ya kuruka na ya kusimama kwa mguu mmoja, halafu kukimbia kwa kasi. Huchukua dakika 20, na hauhitaji kifaa ila mpira na alama za kuwekea mipaka, ambazo hata mawe yanafaa. Ukidhani ni mambo ya Wazungu, sikia haya: ulijaribiwa na vijana wa ligi ya Lagos, Nigeria, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Timu zilizoufuata zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida. Lagos ina viwanja vibovu kama sisi.

Linganisha na tunavyofanya. Wachezaji wanashuka kwenye matatu waliyobanana humo, wanavaa viatu, wanapiga mpira golini mara tano, na mechi inaanza. Mwalimu anayesoma haya, dakika hizo 20 mara mbili kwa wiki zitakuokolea wachezaji wengi kuliko hotuba ya mapumziko. Tembea uwanjani kabla ya mechi, utoe mawe na kufukia mashimo. Mtoto asiye na viatu asikabiliane na mwenye njumu.

Chakula nacho tunacho. Ugali wa wimbi una madini ya chokaa kwa wingi, kadhalika chinsaga, na maziwa lala yanapatikana nyumba kwa nyumba. Kijana anayecheza kila siku kwa chai ya rangi na mkate anaidai mifupa yake kazi asiyoilipia.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Nasikia unasema: "Wewe unaongea tu. Mkandaji yuko hatua mia kutoka kwangu, anaongea lugha yangu, nitamlipa mwisho wa mwezi. Hospitali ni nauli, ni foleni, na wadi ya mifupa imejaa majeruhi wa bodaboda." Hoja hiyo ni nzito nami siidharau. Tangu Oktoba 2024 NHIF ilipopisha SHA, mzazi asiyejiandikisha na kulipa mchango wake hujikuta akitoa pesa mfukoni, na ule mpango wa EduAfya uliowalipia wanafunzi wa sekondari za umma kuanzia mwaka 2018 haupo tena. Foleni nayo ni ndefu. Mimi nisingemwambia mtu auze ng'ombe kwa sababu ya kifundo kilichoteguka.

Ndiyo maana nilikupa vipimo vya kutumia nyumbani. Kifundo kinachopiga hatua nne, kisichouma mfupani, hakihitaji eksirei. Kinahitaji bendeji, subira na mazoezi. Pesa yako iweke kwa goti lililolia "ko!" na kuvimba kabla ya giza, kwa mtoto, kwa mfupa uliopinda na kwa kichwa. Kwa hao, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1916, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira zipo, na hospitali ya misheni ya Tabaka ipo. Ulizia mtaalamu wa fiziotherapia pia, maana wengi hutibiwa mfupa wakaachiwa msuli uliokufa. Na jiandikishe SHA leo mwanao akiwa mzima. Kinga hainunuliwi uwanjani.

Kwa mkandaji, ombi langu ni moja. Wewe unaaminiwa, nawe ndiwe wa kwanza kuitwa. Basi uwe wa kwanza kusema, "Hili halinifai, mpelekeni." Heshima yako haitapungua, itaongezeka kijana huyo atakaporudi akitembea. Serikali za kaunti zina wahamasishaji wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Wakifunzwa kwa siku moja kuhusu hatua nne, magango yanayobana na kichwa kilichogongwa, wakawafunza wakandaji na walimu wa michezo wa kata zao, tutakuwa tumefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Nawe mzazi, kabla ya muhula wa michezo kuanza, nenda shuleni uulize maswali matatu. Nani atamhudumia mwanangu akiumia? Nani ataamua kama arudi uwanjani, na mtu huyo si kocha? Gari la kumpeleka hospitali liko wapi? Mwalimu mkuu akikosa jibu, usigombane naye. Lipeleke jambo hilo kwenye mkutano wa wazazi, lijadiliwe, liandikwe, na kila anayekaa kando ya uwanja alijue.

Goti ni moja kwa kila mguu, nalo halichipui kama mgomba uliokatwa. Unga ukikandwa hutoa ugali mzuri. Goti likikandwa hutoa magongo. Jumamosi ijayo ukiona umati unakimbilia uwanjani na chupa ya dawa ya kuchua, simama mbele yao useme, "Msimguse." Wakikucheka, wacha wacheke.